Simba wa Majete walikwisha, wakarudi, nani anawaona?

Mzozo wa tembo wa Kasungu haujapoa. Julai 2022 tembo 263 walihamishwa kutoka Liwonde, kusini, wakapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Kasungu, na tangu hapo vijiji vya mpakani, upande wa Malawi na wa Zambia, vimezika watu na kupoteza mashamba.

Mchezo huu wa kuhamisha wanyama una historia yake. Ulianzia Majete, wilayani Chikwawa, pori lililohifadhiwa tangu 1955. Majangili walilifagia: tembo wa mwisho aliuawa 1992, na simba hakubaki hata mmoja. African Parks, shirika lililokabidhiwa Majete 2003, linasema kati ya 2000 na mwaka huo hakufika mtalii hata mmoja. Angefuata nini, miti? Uzio ukajengwa. Wakaletwa vifaru, wakafuata tembo na chui, na 2012 wakaja simba kutoka Afrika Kusini. Liwonde nayo ikapata simba wake 2018, wengine wakitoka hukohuko Majete.

Lakini kwa watu wa Lilongwe, simba wa kukumbukwa ni Bella. Huyu hakutoka porini. Shirika la Born Free lilimwokoa kutoka bustani ya wanyama nchini Romania, na 2009 akaletwa Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, katikati ya mji. Alikuwa na jicho moja. Mnyama aliyekulia kizuizini hajui kuwinda. Ukimwachia porini umemuua. Kwa hiyo akawekwa nyuma ya waya, akiletewa nyama, na wanafunzi wakapelekwa kumtazama. Simba hulala sehemu kubwa ya siku, na mtoto aliyekuja akitarajia ngurumo huenda aliambulia mkia ukifukuza nzi. Hata hivyo alikuwa simba wa kweli, tena wa kufikiwa kwa minibasi.

Niseme kwa mzaha, ingawa si mzaha sana: mgeni huyo wa Romania alipewa makazi mjini bila kelele. Wakimbizi wenye biashara na watoto shuleni hapa Lilongwe waliamriwa 2023 warudi Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi 1994.

Siku hizi watalii wanafika Majete na Liwonde kwa wingi, na hilo ni jambo la kujivunia. Ila malipo ya gari, mwongozaji na malazi si ya muuza nyanya wa Area 23, Lilongwe, wala mkulima wa Kasungu. Mkulima huyo anaamshwa na tembo usiku. Kumtazama tembo mchana, ukiwa salama ndani ya gari, ni anasa ya wengine. Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori iweke basi la shule la kwenda hifadhini, kwa nauli ya mwananchi, lianzie Kasungu na Dowa, na watoto wa Dzaleka wasiachwe nje ya orodha.