Kuacha Somo kwa Ruhusa, kwa Hiari na kwa Lazima

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Tano Tanzania anasoma nini, atakujibu kwa herufi: "Mimi ni PCB." Anajitaja kwa kundi zima la fizikia, kemia na biolojia, na hapo ndipo uzito wa kubadili somo kabla ya mtihani wa mwisho unapoanzia. Fizikia ikimwelemea, hawezi kuiweka kando akaendelea na kemia na biolojia peke yake. Njia ya karibu ni CBG: fizikia inatoka, jiografia inaingia, na udaktari unaondoka naye, maana masharti ya shahada hiyo yanadai fizikia, kemia na biolojia zote. Tena kama shule aliyopangiwa haina CBG, kubadili somo ni kuhama shule, pamoja na godoro na sanduku.

England nako mwanafunzi wa A-level huchukua masomo matatu kwa kawaida, ila kila somo linasimama kwa miguu yake. Akiacha fizikia wiki ya pili ya Septemba akachukua historia, kemia yake haitikisiki; ratiba ya shule ikiruhusu, yamekwisha. Tena kuanzia mwaka 2000 wengi walianza na masomo manne, wakafanya mtihani wa AS mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ndipo wakaacha moja wakiwa na alama mkononi. Mageuzi yaliyoanza 2015 yaliitenga AS na A-level, kwa hoja kwamba mitihani ilikuwa inakula muda wa kufundisha. Hoja ya haki, japo waliofuata walinyang'anywa nafasi ya kuonja. Wales, jirani wa mlango wa pili, waliibakiza AS ndani ya A-level.

Wafaransa wao wameifanya shaka kuwa sheria. Tangu 2019, baada ya mikondo ya zamani ya L, ES na S kufutwa, mwanafunzi wa première (mwaka wa kabla ya mwisho) katika lycée, yaani sekondari ya juu, ya kawaida huchagua masomo matatu ya utaalamu, saa nne kwa wiki kila moja. Akiingia terminale, mwaka wa mwisho, lazima aache moja, na mawili yanayobaki yanapewa saa sita kila moja. Hakuna anayemnong'ona aliyeacha, kwa kuwa wote wameacha. Lakini somo hilo halifutiki: alama zake zinahesabiwa katika baccalauréat, cheti cha kumaliza sekondari. Kwetu, aliyehamia CBG hapati cheti kinachoonyesha kwamba aliwahi kukesha na fizikia. Wapo wanaoshukuru, wapo wanaoona miezi yao imekwenda bure.

Hisabati inazikutanisha nchi mbili zisizofanana kwa mengi. PCB na CBG, wote hubaki na BAM, hisabati ya ziada isiyokwepeka. Ufaransa ilianza kwa kuwaacha vijana waiage kabisa. Wengi walipoiaga, mwaka 2023 ikarudishwa saa moja na nusu kwa wiki kwa walio première ambao hawakuichagua.

Sidharau makundi yetu. Kijana wa England anaweza kujichagulia mchanganyiko mzuri masikioni, kisha akagundua umemfungia kozi aliyoitaka. PCB imekwishapimwa dhidi ya milango ya vyuo kabla kijana wetu hajaiingia. Mwaka 2024 tahasusi, yaani makundi haya, ziliongezwa kutoka 16 hadi 65: uchaguzi ulipanuka, kundi halikuvunjwa. Swali ni shule ngapi zina walimu wa kuzifundisha.

Kinachonisumbua ni wakati. Uhuru mpana wa kubadili, kwetu, huja baada ya matokeo ya Kidato cha Nne, TAMISEMI, ofisi inayowapangia shule, inapofungua mfumo ili wahitimu warekebishe machaguo waliyojaza kwenye Selform, fomu ya kuchagua tahasusi. Mfaransa anaacha somo baada ya kulisoma mwaka mzima. Kijana wetu anabofya kitufe kabla ya kuhudhuria hata kipindi kimoja cha fizikia ya Kidato cha Tano.