Mabenchi ya Lubumbashi: Nani Akae, Nani Asimame

Jioni, katika mtaa wa Makomeno uliomo komini ya Lubumbashi, benchi hutolewa nje ya lupango, yaani ua wa nyumba, na kuegemezwa ukutani. Jirani akipita huitwa: "Papa, karibu, ikala," yaani keti. Ni ubao mmoja, miguu minne, nafasi ya watu watatu, ingawa hata watano huenea wakipenda. Fundi aliyelitengeneza hakuandika jina lake popote. Hata hivyo, anayetaka kujua mji huu umewapanga vipi watu wake kwa zaidi ya miaka 100 atajifunza mengi kwa kuangalia ni nani aliyepewa mahali pa kukaa.

Kabla ya benchi palikuwa na kigoda, na kigoda kilikuwa cha mtu mmoja. Katika ufalme wa Waluba, kaskazini mwa Katanga, mfalme alikuwa na lupona, kigoda cha kuchonga ambacho mara nyingi hubebwa na umbo la mwanamke, kwa mikono na kichwa. Nacho hakikuwa cha kupumzikia. Kilifungwa kwa kitambaa cheupe na kufichwa, kikatolewa kwa shughuli kubwa tu. Kukaa juu kulikuwa cheo, na cheo hakikaliwi na wawili.

Desturi ya watu wengi kuketi mahali pamoja, bega kwa bega, ilikuwa na makao yake pwani. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina baraza pande mbili za mlango. Hapo mgeni hupokewa, bei hukubaliwa, habari husimuliwa, na wa ndani hubaki na faragha yao. Misafara ya karne ya 19 ilileta Kiswahili na mambo yake hadi Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mwana wa Unyamwezi aliyetawala ufalme wa Garenganze mpaka alipouawa Desemba 1891. Wabelgiji nao, walipojenga nyumba zao, waliita veranda "barza", na jina hilo likaingia katika Kifaransa cha Kongo. Lakini kwenye baraza ya Lamu mwenyeji na mgeni huketi juu ya jiwe moja, na kwenye barza ya mkoloni bwana aliketi kivulini huku mwenye shida akisimama uani. Jina walilichukua, ukarimu wakauacha njiani.

Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Wamisionari Wabenediktini walikuja wakati huohuo, Wasalesiani wakafuata mwaka 1911. Kwa mikono yao benchi liliingia kanisani na darasani. Tusidhani kwamba huko kwao lilikuwapo tangu enzi na enzi. Kwa karne nyingi waumini wa Ulaya walisali wamesimama, na wazee na wagonjwa waliketi kwenye mawe ya kandokando ya kuta. Mabenchi yalienea kuanzia karne ya 15, kisha mahubiri marefu ya Waprotestanti yakamaliza nguvu za miguu. Benchi la shule lililounganishwa na meza ni jipya zaidi. Mwaka 1865 daktari Fahrner wa Zürich aliandika kitabu kizima juu ya mtoto na meza ya shule, kwa sababu aliona kiti kilichowekwa mbali na meza kinapinda mgongo wa mtoto. Kwa hiyo benchi-meza la shule zetu lilizaliwa kama jambo la afya.

Mji wenyewe ulikuwa na mpango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Cité Albert, ambayo sasa ni Kamalondo, ilitengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu wa mita 700. Mwafrika aliuvuka asubuhi kwenda kazini, jioni akauvuka kurudi. Katika mpango huo benchi la kukaa watu wote halikuwa na mahali pa kuwekwa.

Baada ya uhuru benchi lilibaki na kazi zake za nyumbani, na kubwa kuliko zote ni kilio. Zamani msiba ukitokea, mabenchi ya kanisa na ya majirani yalibebwa kichwani hadi nyumba ya wafiwa. Siku hizi hukodiwa viti vya plastiki, hupangwa safu kwa safu chini ya hema. Ni vyepesi, sikatai. Ila kiti cha plastiki humtenga kila mtu na mwenzake, na mfiwa huhitaji bega la kuegemea.

Kinshasa benchi liliingia hata kwenye magari: Mercedes 207, gari la mizigo, lilitobolewa madirisha na kuwekewa mabenchi ya mbao, abiria wakaliita "esprit de mort", yaani roho ya mauti. Uwanjani, wapenzi wa TP Mazembe, timu iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1939, wanajua kukaa benchi ni adhabu. Banda la benchi hilo lilianzia Scotland, kwa Donald Colman, mwalimu wa Aberdeen katika miaka ya 1930, aliyetaka kuketi chini apate kuangalia miguu ya wachezaji.

Mambo ni mazito zaidi darasani. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 ahadi hiyo ilianza kutekelezwa. Watoto wakafurika. Mabenchi hayakuongezeka kwa kasi yao, na katika shule nyingi za Kongo wanafunzi huketi sakafuni na kuandikia magotini. Haya yanatokea katika nchi ya misitu ya miombo, ambayo miti yake husafirishwa mbali. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori yaliyobeba magogo ya mti wa mukula kutoka Kongo. Soko kubwa la mti huo lilikuwa China, unakotengenezewa samani za kifahari. Ulinzi wa kimataifa wa mukula, chini ya mkataba wa CITES, ulianza Novemba 2019, wakati magogo mengi yalikuwa yamekwisha kwenda.

Wabunge wa mkoa wetu wa Haut-Katanga huketi katika Jengo la Juni 30, ukumbi uliojengwa kuwa jumba la maigizo miaka ya 1950, wenye viti vya kutosha. Tunawaomba jambo moja: kila kibali cha kukata mti Haut-Katanga kiambatane na mbao za mabenchi ya shule za mkoa huu.