Ngitili na Mzigo wa Kuni

Wasukuma, wakaao kusini ya Ziwa Victoria katika Tanzania, tangu zamani wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, asiingie ng'ombe wala mbuzi. Kiangazi kikizidi, na majani ya kwingineko yakiisha, ndipo hufunguliwa. Walinzi wake si askari bali ni sheria ya wenyeji, na baraza lao liitwalo dagashida huwahukumu waivunjao.

Desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya ng'ombe, lakini faida yake iliingia hata jikoni. Mahali palipofungwa, miti nayo ilipata nafasi ya kuchipua, na humo watu walipata kuni, fito, dawa na majani ya kuezekea, karibu na nyumba zao.

Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikafyekwa zaidi ili kupanda pamba. Mifugo nayo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikaachwa nyuma bila mlinzi. Kila mtu akakata alichotaka, na nchi ikawa tupu.

Je, ni nani aliyelipa gharama ya uharibifu huo? Kutafuta kuni na kuteka maji ni kazi ya wanawake na binti zao, basi msitu uliposogea mbali, ni miguu yao iliyoufuata. Kuni zilipokosekana kabisa, walipikia miti ya pamba na samadi kavu. Samadi iliyochomwa haikurudi shambani, na shamba lisilo na mbolea likadai jasho zaidi kwa mavuno machache.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Badala ya kuwaletea watu desturi ngeni, mpango huo uliwahimiza kuifufua ngitili. Vijiji vikaweka sheria zao, na sungusungu wakasaidia kuzilinda. Kufikia mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa tena. Wachunguzi wa wakati huo walikadiria kwamba nyumba iliokoa saa 2 hadi 6 kwa siku katika kutafuta kuni peke yake.

Hata hivyo faida hiyo haikugawanyika sawasawa. Ngitili nyingine ni za kijiji, nyingine ni za mtu na jamaa yake. Asiye na ardhi ya kutosha hana budi kununua majani kwa jirani. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama msitu umerudi. Yapasa kuuliza pia ni nani aruhusiwaye kuingia, na kama wale wachukuao mizigo ya kuni vichwani wana sauti katika baraza liutungialo msitu huo sheria.