Kutoka Timbilil hadi shamba darasa: safari ya mafunzo ya chai Kericho na Bomet

Kazi inaanza na kisu kikali. Fundi wa kitalu huchagua tawi la chai ambalo si changa mno wala halijakomaa sana, akakata kipande kifupi chenye jani moja na jicho moja, akakichomeka kwenye mfuko mwembamba wa plastiki. Sehemu ya juu ya mfuko imejazwa udongo wa chini, ule wenye asidi na usio na mabaki ya mimea, kwa sababu huko ndiko mizizi michanga hushika vizuri. Mifuko hupangwa kwa safu, ikanyweshwa maji, kisha ikafunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu ya pao za mviringo. Baada ya miezi mitatu hivi mizizi huwa imetoka, na mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima kabla ya kupelekwa shambani.

Leo mkulima wa Konoin kule Bomet au Bureti kule Kericho anaweza kukueleza hatua hizi bila kusoma popote. Ila maarifa haya yalichukua miaka mingi kumfikia. Yalipitia kwa wanasayansi, mameneja wa mashamba makubwa na maafisa wa ugani, na kila kundi lilikuwa na mtindo wake wa kufundisha.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni mbili za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kufungua mashamba makubwa Kericho. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis, na wengi wao waliondolewa ili kupisha chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai ya fidia ya familia hizo bado yanaendelea hadi leo.

Katika miongo hiyo ya mwanzo, utaalamu wa chai ulikaa kwa mameneja. Mchumaji alifundishwa jambo moja tu, kuchuma majani mawili na chipukizi, na hakuna aliyemweleza sababu yake. Kwa Mwafrika, kulima chai yake mwenyewe kwa biashara hakukuruhusiwa hadi miaka ya 1950.

Taasisi ya nchi tatu

Mwaka 1951 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, na makao yake yakawa Timbilil, nje ya mji wa Kericho, mita 2,180 juu ya usawa wa bahari. Ilikusudiwa kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja.

Ilihitajika kwa sababu kanuni za India hazikutosha huku. Kule Assam michai hulala wakati wa baridi, na wachumaji wakapumzika. Kericho iko karibu na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mchai huchumwa mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo wakati wa kupogoa, kiasi cha mbolea na siku za kusubiri kati ya mchumo mmoja na mwingine ni mambo yaliyohitaji kupimwa upya katika udongo wa hapa.

Kulikuwa pia na swali lililowahusu watu wengi kuliko wenye mashamba: je, kukata msitu wa Mau na kupanda chai kutakausha mito? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti walioongozwa na H. C. Pereira walilinganisha mabonde mawili ya Kericho. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake, na sehemu ya bonde la Sambret ikafyekwa na kupandwa chai. Mvua na maji ya mito vilipimwa kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba chai iliyokomaa na kufunika ardhi vizuri haikutumia maji mengi kuliko msitu, lakini udongo ulihitaji kulindwa sana katika miaka ya kwanza, wakati miche bado ni midogo na ardhi iko wazi. Somo hilo likaingia katika mafunzo ya upandaji: panda kwa kufuata kontua, chimba mitaro ya kuzuia maji, funika ardhi kwa matandazo.

Matokeo ya Timbilil yalienea kwa semina, kwa ziara za mashambani, kwa jarida la taasisi na kwa kitabu cha mwongozo wa wakulima wa chai ambacho kimerekebishwa na kuchapishwa tena mara kadhaa, toleo la tano likiwa la mwaka 2002. Mengi ya hayo yaliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, yakisomwa na mameneja na maafisa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi ya pamoja haikuweza kuendelea ilivyokuwa. Mwaka 1980 Kenya iliunda Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya, papo hapo Timbilil. Aina zilizozalishwa hapo bado zinabeba herufi za jina lake la Kiingereza, TRFK. Mojawapo ni TRFK 6/8, inayosifiwa kwa ubora wa chai yake. Kwa jumla taasisi imetoa aina zaidi ya 50 kwa wakulima.

Afisa anapoingia bomani

Mlango wa mkulima mdogo ulifunguliwa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kusimamia mazao maalumu, na mwaka 1964, Kenya ikiwa huru, nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya (KTDA). Ulikuwa mradi mkubwa wa kufundisha: maelfu ya familia ambazo hazijawahi kumiliki mchai hata mmoja zilitakiwa kutoa majani yenye ubora wa kushindana na mashamba ya kampuni.

KTDA ilijibu kwa nidhamu. Afisa wa ugani alipita boma kwa boma, akapima nafasi kati ya mche na mche na kumwonyesha mkulima jinsi ya kuulaza mchai mchanga ili utanuke na kuwa na uso tambarare wa kuchumia. Kituo cha kununulia majani nacho kikawa mahali pa kufundishwa kila siku. Karani alimwaga kikapu mezani, akayachambua majani, na yaliyokomaa kupita kiasi yakarudi nyumbani na mwenyewe. Hakuna mhadhara ulioweza kufundisha haraka hivyo.

Mfumo huo ulifaulu kwa kiwango kikubwa. Viwanda vya wakulima vikainuka Litein, Kapkatet, Tegat na Momul upande wa Kericho. Vingine vikainuka Mogogosiek, Kapset, Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho. Mwaka 2000 serikali iliondoka na KTDA ikawa kampuni ya wakulima wenyewe. Sasa inahudumia wakulima zaidi ya 600,000 nchini.

Hata hivyo, elimu ya aina hiyo ilikwenda upande mmoja. Afisa alisema, mkulima akatii. Mkulima aliyeambiwa aache matawi yaliyopogolewa yaoze shambani aliitikia mbele ya afisa, kisha jioni akayabeba kuwa kuni. Hakuwa mkaidi. Kuni zilionekana jikoni siku hiyo hiyo, ilhali faida ya majani yanayooza haionekani mpaka msimu mwingine, na hakuwa amewahi kuonyeshwa hiyo faida kwa macho yake.

Somo lililotoka kwenye mpunga

Jibu lilitoka mbali. Mwaka 1989, nchini Indonesia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kuwakusanya wakulima wa mpunga katika mashamba yao. Walikuwa wakipoteza mazao kwa mdudu aliyezidi kuongezeka kadiri walivyonyunyiza dawa, kwa kuwa dawa iliwaua pia wadudu wanaomla. Badala ya kupewa amri nyingine, wakulima walifundishwa kuchunguza, kuhesabu wadudu na kuamua wenyewe. Mtindo huo, unaoitwa shamba darasa, uliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990.

Kwenye chai ulianza mwaka 2006, KTDA ikishirikiana na kampuni ya Unilever na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi. Majaribio yalifanyika katika viwanda vichache, kisha yakaenezwa.

Shamba darasa la chai huwa na wakulima wapatao 30 wa eneo moja. Wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha wanakutana kwa ratiba kwa muda wa mwaka hivi. Afisa wa ugani yupo, ila kazi yake ni kuuliza maswali na kuongoza mazungumzo. Shamba la mwanachama mmoja hugawanywa vipande. Kwenye kimoja michai inachumwa kila baada ya siku saba, kwenye kingine baada ya kumi, kwenye kingine kumi na nne. Mahali pengine matawi yaliyopogolewa yanaachwa chini, na kando yake yanaondolewa.

Siku ya kukutana, vikundi vidogo huingia kati ya safu. Mmoja anahesabu machipukizi, mwingine anachimba kidogo kuona unyevu, mwingine anaangalia wadudu chini ya majani. Kisha wanakaa kivulini na karatasi kubwa na kalamu za rangi, wanachora mchai, jua, udongo na wadudu walivyoviona, na mmoja wao anasimama kueleza mbele ya wenzake. Mama ambaye hakumaliza shule ya msingi anaulizwa na jirani yake kwa nini kipande chake kimetoa kilo nyingi zaidi, naye anajibu kwa Kikipsigis akinyoosha kidole kwenye mchoro wake. Hapo ndipo matawi yaliyopogolewa yanapoacha kuwa kuni, kwa sababu kundi zima limeona udongo uliofunikwa ukibaki na unyevu wakati wa kiangazi cha Januari na Februari.

Ushahidi mpana zaidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mashamba darasa ya mazao mbalimbali nchini Kenya, Tanzania na Uganda ulionyesha mapato ya washiriki yakipanda kwa wastani wa asilimia 61, na wanawake pamoja na watu wenye elimu ndogo wakiwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Hao ndio waliokuwa wa mwisho kufikiwa na semina za zamani.

Wanaosubiri zamu yao

Mafunzo bado yana mapengo. Mwaka 2011 Timbilil ilipotoa TRFK 306/1, chai ya zambarau yenye wingi wa kemikali aina ya anthosianini, wakulima walifundishwa kuipanda kwa hamasa. Viwanda vya kuisindika kando na chai ya kawaida vilikuwa vichache, na wengi wakajikuta wakiuza majani ya zambarau kwa bei ile ile ya majani ya kijani. Somo la soko lilipaswa kwenda sambamba na somo la kitalu.

Pengo kubwa zaidi liko kwa mchumaji wa kuajiriwa. Mnamo Mei 2023 maandamano yalizuka Kericho, mashine za kuchumia chai zikachomwa moto na mtu mmoja akapoteza maisha. Mashine hizo zimekuwa zikiongezeka mashambani tangu katikati ya miaka ya 2000, na kila moja hufanya kazi ya vibarua wengi. Mtu aliyechuma kwa mikono miaka 20 anajua uso wa mchai kuliko yeyote, na ujuzi huo unafaa sana kwa kuongoza mashine, kuitengeneza, kusimamia ubora wa majani au kuendesha kitalu. Mkulima mwenye ekari moja amepata shamba darasa; kibarua huyu anastahili lake, tena kabla mashine haijafika shambani.

Vyombo vya kulifanya hilo vipo. Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013 katikati ya mashamba ya chai. Timbilil, ambayo iliwekwa chini ya shirika la utafiti wa kilimo la KALRO baada ya sheria ya mwaka 2013, imetajwa upya katika Sheria ya Chai ya mwaka 2020, inayotaka utafiti wa chai uwe na wakfu wake tena. Bodi ya wakfu huo, kampuni zenye mashamba, vyama vya wafanyakazi na serikali za kaunti za Kericho na Bomet wana nafasi ya kukaa pamoja na kuandika mtaala wa mchumaji. Uandikwe kwa Kiswahili na Kikipsigis, ufundishwe ndani ya saa za kazi zenye malipo, na wachumaji wenyewe wawe miongoni mwa wanaouandika.