Podikasti katika elimu

Podikasti katika elimu ni matumizi ya vipindi vya sauti vilivyorekodiwa katika kufundisha na kujifunza. Mwalimu anaweza kutumia kipindi kilichotengenezwa na wengine, au wanafunzi wakarekodi chao wenyewe. Tofauti na matangazo ya kawaida ya redio, podikasti huhifadhiwa kama faili, hivyo inaweza kusimamishwa, kurudiwa na kusikilizwa wakati wowote.

Historia

Jina la podikasti lilianza kutumika mwaka 2004, lakini nchini Tanzania kufundisha kwa sauti kulianza zamani kwa njia ya redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Baada ya kipindi wanakikundi walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira.

Huko Zanzibar, mradi wa RISE ulioanza mwaka 2006 ulitumia redio kuwafundisha watoto wadogo. Mtangazaji huuliza swali, hunyamaza kidogo ili watoto wajibu, kisha huendelea. Mbinu hiyo ilibuniwa Nikaragua katika miaka ya 1970 kwa masomo ya hisabati.

Shule za Tanzania zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi shuleni tarehe 1 Juni na shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Mwanafunzi aliyesikiliza peke yake nyumbani hakuwa na mwalimu wa kumuuliza pale asipoelewa.

Matumizi katika mazingira ya Bukoba na Muleba

Bukoba na Muleba ni wilaya za mkoa wa Kagera, kando ya Ziwa Viktoria. Muleba ina pia visiwa vinavyokaliwa na wavuvi, kama vile Bumbire, Goziba na Ikuza. Watoto wengi huzungumza Kihaya nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia wanapoingia kidato cha kwanza. Rekodi inayoweza kurudiwa humsaidia mwanafunzi wa aina hiyo kuzoea matamshi na istilahi ambazo angezisikia mara moja tu.

Kwa kawaida wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Hata hivyo, simu moja ya mwalimu na spika ndogo zinatosha kwa darasa zima. Dakika 10 za sauti zikibanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 5. Faili hiyo inaweza kupakuliwa mjini, ikawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kupelekwa kisiwani, ikasikilizwa bila intaneti wala bando.

Somo la namna hii huwa na hatua tatu. Kwanza mwalimu huandika maswali ubaoni. Kisha husimamisha rekodi kila baada ya dakika chache ili wanafunzi wajibu. Mwisho hujadiliana katika vikundi. Wanafunzi wanaweza pia kuwahoji wazee kuhusu kilimo cha migomba na kahawa, uvuvi, msimu wa senene au vita vya Kagera vya 1978–1979, wakapata kumbukumbu ambazo hazimo katika vitabu vya kiada.

Changamoto

Ukosefu wa umeme, gharama za vifaa na wingi wa wanafunzi darasani hupunguza manufaa ya njia hii. Mwanafunzi kiziwi huachwa nyuma kama hakuna maandishi ya kipindi.

Kurekodi sauti za watoto kunahitaji ridhaa ya wazazi au walezi. Taarifa za watu nchini zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo rekodi ya darasani isisambazwe mtandaoni bila ruhusa.

Aidha, sauti haichukui nafasi ya mwalimu. Kama ilivyokuwa katika Mtu ni Afya, kipindi huleta mafanikio pale kinapofuatwa na majadiliano yanayoongozwa na mtu aliyejiandaa.