Saratani na Uwezo wa Kuzaa: Swali la Kabla ya Tiba

Mgonjwa wa saratani anayetarajia kupata watoto hana budi kumweleza daktari wake kabla ya matibabu kuanza. Baadhi ya dawa za tibakemikali, kama vile cyclophosphamide, huangamiza mayai ya mwanamke na kudhuru mbegu za mwanamume. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga nayo huweza kuleta madhara hayo.

Chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, chenye makao yake Alexandria, jirani na Arlington katika jimbo la Virginia, kilitoa mwongozo mwaka 2006 kikiwataka madaktari kuwatahadharisha wagonjwa mapema.

Kwa mwanamume, mbegu hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwanamke hudungwa sindano za homoni kwa takriban wiki mbili, kisha mayai hutolewa na kugandishwa, ama yenyewe ama baada ya kurutubishwa. Siku hizi si lazima kungoja hedhi. Msichana ambaye hajabaleghe huweza kuhifadhiwa kipande cha ovari; mwanamke wa kwanza kujifungua baada ya kurudishiwa ovari iliyogandishwa alitangazwa Ubelgiji mwaka 2004. Kwa mvulana wa umri huo, utafiti ungali unaendelea.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Maryland ilipitisha mwaka 2018 sheria inayozitaka bima kulipia huduma hii, na Washington ikafuata mwaka 2023. Hivyo mkaazi wa Arlington anayefanya kazi ng'ambo ya mto Potomac huenda akanufaika kupitia bima ya mwajiri wake. Hata hivyo, waajiri wanaogharimia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wao hawafungwi na sheria hizo. Ni busara kuiuliza bima kwa maandishi.

Afrika Mashariki nako utaalamu wa uzazi wa maabara upo: Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 2004, Kenya mwaka 2006. Lakini mara nyingi mgonjwa hujilipia mwenyewe.

Kuhifadhi mayai au mbegu si hakikisho la kupata mtoto. Aidha, saratani kali ya damu huenda isiruhusu kusubiri hata wiki mbili, na hapo uhai hutangulia. Kwa wagonjwa wengine wengi muda huo upo, ila huanza kupungua siku ile ugonjwa unapotambuliwa.