Leso ya Charles Lenglen

Charles Lenglen hakuwa bingwa wa tenisi. Alikuwa Mfaransa mwenye uwezo, aliyerithi kampuni ya mabasi ya kukokotwa na farasi kisha akaiuza, na kila majira ya baridi alihamia na familia yake Nice, kwenye pwani ya Mediterania. Mwaka 1910 alimpa bintiye Suzanne, mtoto wa miaka 11, raketi ya kuchezea. Baada ya muda mfupi aliona kwamba mtoto ana kipaji, akaamua kumfundisha mwenyewe. Hakuwa na mbinu ya kurithi, basi akawa anakwenda kuwatazama wanaume hodari waliokuja kushindana katika klabu za pwani ile. Alichunguza wanapiga mpira namna gani, na zaidi ya hapo, wanaupeleka wapi.

Halafu alitandika leso uwanjani. Suzanne alitakiwa kuangusha mpira juu ya leso hiyo, tena na tena, kisha baba akaihamishia pembe nyingine na kazi ikaanza upya. Inasimuliwa kwamba leso ilizidi kukunjwa hadi ikawa ndogo, na mwishowe mahali pake pakawekwa sarafu. Inasimuliwa pia kwamba siku mtoto alipocheza ovyo alinyimwa jemu kwenye mkate wake. Sitamtetea baba huyo kwa hilo. Lakini katika historia ya kufundisha tenisi ni vigumu kumkwepa, kwa sababu mafunzo mengi ya zama zake yalihusu mkono: namna ya kushika raketi, namna ya kusimama. Yeye alianzia upande wa pili wa wavu, pale mpira unapotua.

Hata hivyo, shabaha ilikuwemo katika mchezo wenyewe zamani sana. Mchezo wa ndani wa wafalme, uliozaa tenisi ya leo, ulichezwa kati ya kuta, na ndani ya kuta hizo mlikuwa na matundu. Kuupenyeza mpira katika baadhi ya matundu hayo kulimpa mchezaji pointi papo hapo. Sakafuni kulichorwa mistari ya kupimia mahali mpira ulipodunda mara ya pili, na kadiri ulivyokaribia ukuta wa nyuma ndivyo ilivyokuwa vigumu kwa mpinzani kuipata pointi ile. Ulengaji ulikuwa sehemu ya hesabu ya alama. Uwanja wa namna hiyo bado unatumika katika kasri la Hampton Court, Uingereza, na mwaka 1555 kasisi wa Kiitalia, Antonio Scaino, alikuwa ameshauandikia mchezo huo kitabu.

Tenisi ilipotoka nje kwenye nyasi miaka ya 1870, kuta zilibaki nyuma pamoja na matundu yake. Kilichobaki ni mstatili mtupu. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon, mwaka 1877, yaliuweka uwanja wa mchezaji mmoja kwa mmoja katika vipimo tunavyovijua hadi leo: mita 23.77 kwa 8.23. Wavu ndio uliokuwa tofauti. Nguzoni ulipanda futi 5, na katikati ukashuka hadi futi 3 na inchi 3. Mtu aliyetaka kupiga mpira wa kunyooka kando ya mstari alikuwa anaruka ukuta, ilhali aliyepiga mshazari alipita bondeni. Spencer Gore alitwaa ubingwa mwaka ule kwa kusogea karibu na wavu na kuukata mpira kabla haujadunda. Mwaka uliofuata akakutana na Frank Hadow, mkulima wa kahawa aliyekuwa likizoni kutoka Ceylon. Hadow aliubetua mpira juu, ukapita kichwani mwa Gore na kuangukia nyuma yake, na ubingwa ukahama. Ndani ya miaka miwili tu watu walikuwa wamegundua kwamba uwanja usio na matundu una shabaha pia, ila huhama kila mpinzani anapopiga hatua.

Wavu ulishushwa baadaye hadi sentimeta 107 nguzoni na 91 katikati, na jiometri hiyo ndiyo kocha yeyote anayoifundisha sasa, ajue asijue. Mpira wa mshazari, kona hadi kona, una takriban mita 25.15 za kusafiri, yaani zaidi ya mita moja na robo kuliko ule wa kunyooka, na unapita mahali wavu ulipo mfupi. Anayepiga mshazari ana nafasi pana ya kukosea.

Turudi kwa Suzanne. Mwaka 1914, akiwa ametimiza miaka 15 siku chache tu, alishinda ubingwa wa dunia wa viwanja vigumu huko Saint-Cloud, karibu na Paris. Vita vikamsimamisha. Mwaka 1919 alifika fainali ya Wimbledon dhidi ya Dorothea Lambert Chambers, mama wa miaka 40 aliyekwisha kulitwaa taji hilo mara saba. Mfalme George V alikuwa jukwaani. Katika seti ya tatu Chambers aliongoza 6-5, akiwa na pointi mbili mkononi za kumaliza mchezo. Na hapa pana kichekesho ambacho makocha hawapendi kukisimulia: binti aliyelelewa juu ya leso na sarafu aliokoka kwa mpira uliogonga fremu ya raketi, ukagusa ukingo wa wavu, ukaangukia upande wa pili. Alishinda 10-8, 4-6, 9-7. Tangu hapo hadi alipojiunga na wachezaji wa kulipwa mwaka 1926, alipoteza mchezo mmoja tu wa mmoja kwa mmoja, ule wa Marekani mwaka 1921 alioukatiza katikati mbele ya Molla Mallory akidai anaumwa.

Waliokuja baada yake walichukua ile leso na mara nyingi wakakosea matumizi yake. Kwa miongo mingi mazoezi ya shabaha yamekuwa kuweka kopo la mipira kwenye pembe, sentimeta chache kutoka mstarini, na kushangilia likiangushwa. Inapendeza macho. Lakini mchezaji anayezoea kulenga kopo karibu na mstari hujifunza pia kutoa nje nusu ya mipira yake siku ya mashindano, maana kwenye mchezo hapigi mpira wa kutupiwa taratibu na mwalimu. Mashine ya kurusha mipira ambayo mchezaji René Lacoste aliijenga miaka ya 1920 ilirahisisha kurudia pigo moja mara mia. Haikuweza kuuliza kama pigo hilo lilifaa.

Swali hilo lilijibiwa hadharani tarehe 5 Julai 1975. Jimmy Connors, bingwa mtetezi wa miaka 22, alikuwa akila nguvu za wapinzani: ukimpiga kwa kasi, anakurudishia kwa kasi hiyohiyo. Arthur Ashe, aliyekuwa akikaribia miaka 32, alikaa na marafiki zake kabla ya fainali ya Wimbledon wakapanga kumnyima chakula hicho. Aliuanzisha mpira kwa mkato uliompeleka Connors, anayetumia mkono wa kushoto, mbali nje ya uwanja upande wa mikono yake miwili. Kwenye mkono wake wa kushoto alimletea mipira mifupi, ya chini, isiyo na kasi. Akisogea wavuni, anabetuliwa. Matokeo yakawa 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, na Ashe akawa mwanamume Mweusi wa kwanza kushinda taji hilo. Mipira yake mingi haikuikaribia mistari. Shabaha ilikuwa goti la Connors, na hakuna leso inayoweza kutandikwa hapo.

Kocha Mmarekani wa vyuo, Paul Wardlaw, aliifikisha fikra hiyo kwenye kanuni katika kitabu chake *Pressure Tennis* cha mwaka 2000. Mpira ukikatiza mbele ya mwili wako kabla hujaupiga, urudishe ulikotoka, mshazari. Usipokatiza, una ruhusa ya kubadili mwelekeo. Sababu yake ni ya kimwili: mpira unaokuja kwa pembe huruka kwa pembe kutoka kwenye nyuzi unapolazimishwa njia mpya, na anayelazimisha huutoa nje pembeni. Unapoubadilisha, lenga mbali na mstari.

Makocha wanaofuata njia hii huchora au hupanga kwa koni miraba mikubwa, ndani ya mistari kwa hatua moja au mbili, na mwanafunzi huulizwa atapeleka mpira mraba upi kabla raketi haijasogea. Akijibu vibaya na mpira ukaingia, zoezi linarudiwa. Charles Lenglen angekasirishwa na ukubwa wa miraba hiyo. Ila yeye ndiye aliyekuwa akichagua leso itandikwe wapi, na mtoto alipiga tu. Leo uamuzi huo umekabidhiwa mwanafunzi, nao ni kazi ngumu kuliko kuipata sarafu.